Ukomo wa ubunge: Mlango utafunguka kwa nani?

Na Mwandishi Wetu, Lushoto

KIFUNGILO ni jina linalofahamika zaidi kwa shule yake ya sekondari ya wasichana, Mtakatifu Maria, inayoendeshwa na masista wa Kanisa Katoliki katika milima ya Usambara, wilayani Lushoto, mkoani Tanga. Wazazi wa Dar es Salaam, Arusha na Mwanza huwapeleka binti zao huko kwa ajili ya taaluma na baridi ya milimani.

Wachache wanakumbuka kwamba zamani za ukoloni mahali hapo palikuwa na makao ya watoto yatima, wengi wao machotara, waliolelewa na masista wa Damu Azizi. Walikuwa watoto ambao jamii ya wazungu haikuwataka na jamii ya Waafrika haikujua iwaweke wapi.

Kumbukumbu hiyo inafaa kuanzia, kwa sababu mjadala unaoendelea nchini kuhusu ukomo wa ubunge una swali linalofanana na la watoto wale: yule ambaye kundi lake ni dogo, au kubwa lakini lisilo na nguvu, huingiaje katika nyumba inayotunga sheria, na akishaingia akae muda gani?

Itakumbukwa kwamba ukomo kwa upande wa urais si jambo geni. Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 1984, Rais anaongoza kwa vipindi visivyozidi viwili. Kwa mbunge hakuna kikomo. Katiba inamtaka awe raia, awe ametimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza na adhaminiwe na chama cha siasa. Ikiwa wapiga kura na chama chake wanaendelea kumtaka, anaweza kukaa mpaka uzee umtoe.

Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba ndiyo iliyotaka kubadili hali hiyo. Katika rasimu zake za mwaka 2013, ya kwanza iliyotoka Juni na ya pili iliyokabidhiwa Desemba 30, Tume ilipendekeza mtu asiwe mbunge kwa zaidi ya vipindi vitatu vya miaka mitano mitano. Ilipendekeza pia wananchi wawe na uwezo wa kumwondoa mbunge wao kabla ya muda, na viti maalumu vya wanawake vifutwe, ili badala yake kila jimbo la uchaguzi litoe wabunge wawili, mwanamke na mwanaume.

Bunge Maalumu la Katiba lililoketi Dodoma chini ya Samuel Sitta liliyaondoa mapendekezo ya ukomo na ya kumwondoa mbunge. Katiba Inayopendekezwa, iliyopitishwa Oktoba 2014, haikuwa nayo, na kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Aprili 30, 2015 haikufanyika. Hakuna aliyeshangaa. Sehemu kubwa ya wajumbe wa Bunge lile walikuwa wabunge, na ni vigumu kumkabidhi mtu panga ili akate tawi alilokalia.

Kwa zaidi ya miaka kumi suala hilo likaonekana limelala. Limeamka tena, lakini kwa sura nyingine. Machi 2025, Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilipitisha kwamba ubunge na udiwani wa viti maalumu ndani ya chama hicho uwe na ukomo wa vipindi viwili vya miaka mitano mitano. Haikugusa ubunge wa jimbo.

Hapo ndipo penye kiini cha mjadala. Warioba alitaka ukomo kwa wabunge wote. Chama tawala kimeweka ukomo kwa wabunge wa aina moja tu, na wabunge wa aina hiyo wote ni wanawake.

Hoja ya wanaounga mkono uamuzi huo ina uzito, na si haki kuipuuza. Viti maalumu vilianzishwa kama ngazi. Mwaka 1985 vilikuwa 15. Baada ya kurudi mfumo wa vyama vingi mwaka 1992 vikawekwa kwa kiwango cha asilimia, kikapanda kutoka 15 hadi 20 mwaka 2000, na marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yakavifanya visipungue asilimia 30 ya wabunge. Lengo lilikuwa mwanamke aingie kwa njia hiyo, ajifunze kazi, ajulikane, kisha aende jimboni kupambana. Anayekaa kwenye ngazi hiyo miaka 15 au 20 anawazuia walio chini yake wasipande.

Mifano ya waliopanda ipo. Rais Samia Suluhu Hassan aliingia Baraza la Wawakilishi Zanzibar kwa viti maalumu mwaka 2000, na miaka kumi baadaye, mwaka 2010, akagombea na kushinda jimbo la Makunduchi. Hapa mkoani Tanga, Ummy Mwalimu aliingia bungeni mwaka 2010 kwa viti maalumu, na mwaka 2020 akashinda jimbo la Tanga Mjini. Wote wawili walitumia miaka kumi, muda uleule ambao CCM imeuweka. Mtu anaweza kusema kwamba chama kimeandika tu katika karatasi kile ambacho wanawake wenye uwezo wamekuwa wakikifanya wenyewe.

Hata hivyo, hesabu ina upande wa pili. William Lukuvi aliingia bungeni kwa jimbo la Isimani mwaka 1995, na baada ya uchaguzi wa 2020 alikuwa bado huko. Marehemu Edward Lowassa aliishika Monduli kwa miaka mingi hadi 2015. Hawakuvunja sheria yoyote. Wananchi wao waliwataka. Lakini mwanamke wa viti maalumu anayemaliza miaka yake kumi na kuambiwa sasa aende jimboni atamkuta huko mbunge ambaye hakuna mtu aliyemhesabia miaka. Mlango wa nyuma umewekewa saa, wakati mlango wa mbele hauna.

Kama ukomo ni dawa ya kung'ang'ania madaraka, mtu angetarajia dawa ianze kwa wenye ugonjwa mkubwa zaidi. Kuianzia kwa kundi lililowekewa ulinzi wa Katiba kwa sababu ya udhaifu wake ni jambo linalohitaji maelezo zaidi ya yaliyotolewa.

Kuna pia suala la nani anapata nguvu pale mbunge anapopoteza. Mgombea wa viti maalumu wa CCM hupigiwa kura na wajumbe wa Umoja wa Wanawake, UWT, katika mkoa, au katika makundi kama ya wasomi wa vyuo vikuu, wafanyakazi na watu wenye ulemavu. Kisha vikao vya juu vya chama hupanga orodha. Mbunge aliyekaa vipindi vitatu anawafahamu wajumbe kwa majina, na anaweza kuthubutu kumpinga waziri bungeni bila kuogopa sana orodha ijayo. Mbunge wa kipindi cha kwanza hawezi. Kwa hiyo kila ukomo unapofupisha maisha ya mbunge, unarefusha mkono wa wanaopanga orodha, na wao hawana ukomo.

Tuache kwa muda suala la wanawake, ambao kwa idadi si wachache, tuangalie makundi ambayo ni machache kwelikweli. Watu wa Lushoto hawana haja ya kwenda mbali kuyaona.

Katika nyanda za juu za wilaya hii, pamoja na Wasambaa ambao ndio wengi, wanaishi Wambugu, jamii ya asili ya wafugaji inayojulikana na wataalamu wa lugha duniani kote. Lugha yao, Ma'a, ina sarufi ya Kibantu huku sehemu kubwa ya msamiati wake ikiwa ya asili ya Kikushi. Maprofesa kutoka Ulaya wamepanda milima hii kuisikiliza. Katika siasa, jamii hiyo ina uzito mdogo.

Wilaya ina majimbo matatu: Lushoto, Mlalo na Bumbuli. Mmbugu anayetaka ubunge katika lolote kati ya hayo anahitaji kura za Wasambaa. Tuchukulie kwamba pendekezo la Warioba lingekuwa sheria, na kila baada ya miaka 15 kiti kingebaki wazi kwa lazima. Nani angekijaza? Wapiga kura walewale waliomchagua aliyeondoka. Ukomo humwondoa mtu tu; hesabu ya wapiga kura hubaki kama ilivyokuwa.

(Historia ya Usambara ina kichekesho chake katika hili. Ukoo wa Wakilindi, ambao kwa mujibu wa masimulizi ulitokana na Mbegha, mwindaji mgeni aliyeingia kutoka nje ya milima, ulikuwa mdogo sana, na bado uliwatawala Wasambaa kutoka Vuga kwa vizazi vingi mpaka utawala wa machifu ulipofutwa mwaka 1963. Wachache wanaweza kushika madaraka kwa muda mrefu sana pale ambapo hakuna anayepiga kura.)

Jirani zetu wa Kenya wamelipitisha swali hili mahakamani. Jamii ya Il Chamus, wafugaji na wavuvi wa kando ya Ziwa Baringo, walilalamika kwamba katika jimbo la Baringo ya Kati, lililokuwa la Rais Daniel arap Moi kwa miongo mingi na baadaye la mwanawe Gideon, hawakuwahi kupata mbunge wao hata mmoja, kwa kuwa Watugen waliwazidi mno kwa idadi. Mtazamaji wa haraka angesema tatizo lilikuwa mzee Moi kukaa mno. Mzee alipostaafu mwaka 2002, kiti kilienda kwa Mtugen mwingine.

Mwaka 2006 Mahakama Kuu mjini Nairobi iliwapa Il Chamus ushindi, ikatambua haki yao ya kuwakilishwa kama jamii ndogo na kuelekeza kwamba maslahi yao yazingatiwe katika ukataji wa mipaka ya majimbo. Uchaguzi wa 2013 ulikuta jimbo jipya la Baringo Kusini limekwisha kuundwa. Mipaka ndiyo iliyoshughulikiwa. Urefu wa muda wa mbunge haukuguswa.

Watanzania wa asili ya Asia wanatoa somo la aina nyingine. Katika uchaguzi wa kura tatu wa 1958 na 1959, kila mpiga kura wa Tanganyika alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Viti vya machotara havikuwapo, hata vya watoto wa Kifungilo ambao kwa damu walikuwa wa pande mbili. Mwaka 1960, kati ya viti 71, 11 vilitengwa kwa Waasia na 10 kwa Wazungu. Ulinzi huo haukudumu; uchaguzi wa 1965 haukuwa na viti vya rangi.

Wengi walidhani huo ungekuwa mwisho wa wachache hao bungeni. Kumbe Amir Jamal alichaguliwa Morogoro na Derek Bryceson, Mzungu, akashinda Dar es Salaam, katika uchaguzi uleule ambao waziri mzito kama Paul Bomani aliangushwa. Baadaye sana, Rostam Aziz aliiwakilisha Igunga kuanzia 1994 hadi alipojiuzulu 2011, na Mohammed Dewji akawa mbunge wa Singida Mjini kuanzia 2005 hadi 2015. Igunga na Singida si miji ya Waasia.

Mtu wa kundi dogo anayeshinda katikati ya kundi kubwa hushinda kwa jina lake mwenyewe, lililojengwa kwa miaka, na wakati mwingine kwa mfuko wake, jambo ambalo tusijifanye hatulijui. Akilazimishwa kuondoka, kiti hakimsubiri mwingine wa jamii yake. Kinarudi kwa wengi.

Ndiyo maana inafaa kutofautisha hali mbili ambazo katika mjadala wetu huchanganywa. Pale ambapo kiti ni mali ya kundi, ukomo huzungusha watu ndani ya kundi hilo, na uwakilishi hubaki. Pale ambapo kiti ni cha wote na mtu wa kundi dogo amekipata kwa jasho lake, ukomo humwondoa yeye pamoja na kundi lake.

Rwanda ni mfano wa hali ya kwanza. Katiba yake ya 2003 inampa Rais nafasi nane za kuteua maseneta, akizingatia jamii zilizoachwa nyuma kihistoria, na hiyo ndiyo njia iliyowaingiza Watwa. Awali seneta alikaa miaka minane bila kurudi. Tangu marekebisho ya 2015 anakaa mitano na anaweza kurudi mara moja. Seneta Mtwa anapoondoka, mteuzi anaweza kumweka Mtwa mwingine. Ubaya ni kwamba uwakilishi huo unategemea kalamu ya mteuzi.

Kwetu, kalamu hiyo imewahi kutumika vizuri. Mwaka 2008, mauaji ya watu wenye ualbino yalipokuwa yakitikisa Kanda ya Ziwa, Rais Jakaya Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge. Miaka miwili baadaye Salum Khalfan Barwany, naye mwenye ualbino, alichaguliwa na wananchi wa Lindi Mjini kwa tiketi ya CUF. Mwaka 2015 akashindwa. Alikaa kipindi kimoja. Kwa mtu kama Barwany mjadala wa vipindi vitatu ni anasa. Shida yake ilikuwa kupata cha pili.

Ikumbukwe pia kwamba bungeni nguvu hukua kwa kukaa. Anne Makinda aliingia Bunge mwaka 1975 na kuwa Spika wa kwanza mwanamke mwaka 2010. Ilikuwa safari ya miaka 35. Kwa kipimo cha Warioba angeondoka miaka 20 kabla ya kukikaribia kiti kile. Wapo watakaojibu kwamba Dk Tulia Ackson aliingia 2015 na mwaka 2022 akawa Spika, na ni kweli. Lakini Dk Tulia aliingia kwa uteuzi wa Rais na kuwa Naibu Spika mwaka huohuo. Si kila mwanamke anayepanda ngazi hupandishwa na lifti.

Wamarekani wana uzoefu mrefu zaidi katika jambo hili. Mwaka 1990 wapiga kura wa California walipitisha ukomo wa miaka sita kwa baraza la chini la jimbo na minane kwa seneti. Ilijulikana wazi kwamba mlengwa mmoja mkubwa alikuwa Willie Brown, Mwafrika Mmarekani wa kwanza kuwa Spika wa baraza hilo, aliyekishika kiti tangu 1980. Aliondoka 1995. Mwaka uliofuata Cruz Bustamante, mwenye asili ya Mexico, akawa Spika, na mwaka 2008 Karen Bass akawa mwanamke wa kwanza mweusi kushika nafasi hiyo, akiwa na miaka isiyotimia minne bungeni.

Kwa hiyo milango ilifunguka? Ndiyo, ila watafiti wengi waliochunguza walihitimisha kwamba ongezeko la Walatino lilitokana zaidi na kukua kwa idadi yao na kuchorwa upya kwa majimbo. Na waliopata uspika waliupata kwa muda mfupi mno, wakaondoka kabla hawajaizoea ofisi. Mwaka 2012 wapiga kura walewale wakarekebisha, mbunge akaruhusiwa miaka 12 kwa jumla katika baraza lolote. Michigan ilifanya marekebisho yanayofanana mwaka 2022.

Ufilipino nako, ambako Katiba ya 1987 inamzuia mbunge kuzidi vipindi vitatu mfululizo vya miaka mitatu, imekuwa kawaida mume akimaliza muda wake, mke au mtoto huchukua kiti.

Tukirudi Lushoto, pengine ukweli usiozungumzwa sana ni kwamba ukomo upo tayari, na unaitwa kura za maoni. Mwaka 2010 mkongwe William Shellukindo alishindwa Bumbuli na January Makamba ndani ya chama chao. Makamba akakaa vipindi vitatu, na mwaka 2025 Kamati Kuu ya CCM haikurudisha jina lake. Ni miaka 15 kamili, kipimo cha Warioba, bila Katiba kuguswa. Tofauti ni kwamba ukomo wa Katiba humpata kila mtu kwa tarehe inayojulikana, na ukomo wa kikao humpata yule ambaye kikao kimemtaka.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, rasimu ya Warioba ilikuwa na busara kwa sababu haikuuleta ukomo peke yake. Uliambatana na kiti cha uhakika cha mwanamke katika kila jimbo, na nafasi tano za watu wenye ulemavu katika Bunge la Muungano. Rasimu ilikuwa pia na kifungu cha haki za makundi madogo katika jamii, ikiwa ni pamoja na kushiriki katika uongozi wa nchi. Kukinyofoa kipande cha ukomo na kukibandika kwenye viti maalumu pekee ni kuchukua dawa moja kati ya nne na kumpa mgonjwa ambaye si wake.

Msichana aliyeingia kidato cha kwanza Kifungilo mwaka huu wa 2026 akiwa na miaka 14 atatimiza miaka 21 mwaka 2033. Uchaguzi mkuu wa kwanza atakaoweza kugombea ni wa 2035. Kwa utaratibu uliopo, akiingia bungeni kupitia UWT, saa yake itaanza kuhesabu siku atakayoapishwa na itasimama 2045. Kaka yake akishinda jimbo mwaka huohuo, hatahesabiwa.